Dishi Lililovaa Miwani ya Kusomea

Kwanza ieleweke kwamba Bi Rula hakuwa mchokozi. Mchokozi hutafuta la kusema; yeye alipewa kazi, akaifanya, basi. Watu wa karakana walimbatiza jina hilo kwa sababu alitembea na rula ya chuma kwenye mfuko wa koti kama wenzake wanavyotembea na kitana, na kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima madishi. Kila dishi lililotoka karakana lilipelekwa kwenye kiwanja chake, likafungwa juu ya kiti cha chuma kinachozunguka, na mnara uliosimama mwisho wa kiwanja ukalirushia mawimbi. Dishi likizungushwa polepole, kompyuta inachora grafu: mlima mmoja mrefu katikati, pale dishi linapotazamana na mnara uso kwa uso, na vilima vidogo huku na huku, na mabonde katikati yao. Mlima ukiwa mwembamba na mabonde yakiwa marefu kwenda chini, dishi ni zima. Mlima ukinenepa au ukiota mabega, kuna bati limepinda mahali fulani, na Bi Rula anaandika neno moja chini ya karatasi: Limekataliwa.

Neno hilo ndilo lililomponza. Miezi minane kabla ya wiki hii ninayoisimulia, aliliandika chini ya grafu ya dishi lililotengenezwa na wifi yake.

Na si wifi wa kuazima. Alikuwa dada mkubwa wa mume wake, toka nitoke, na ndiye Fundi Mkuu wa karakana: mwanamke mwenye mikono mipana na sauti inayoweza kumgeuza mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mabati aliyapiga kwa mkono wake juu ya kalibu ya zege, moja moja, mpaka yakawa na mbinuko alioutaka. Siku ile alilisoma lile neno, akaikunja karatasi mara nne, akasema, "Ahsante, Bi Mpimaji," akaenda zake. Tangu hapo wakanuniana. Jumapili kwa mama mkwe walikaa kila mmoja ncha yake ya meza, na chumvi ikiombwa ilipita kwa mwanamume aliyekaa katikati. "Mwambie mkeo anisogezee chumvi." "Mwambie dada yako chumvi hiyo hapo mbele yake." Mwanamume mwenyewe alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi juu ya vichwa vya wenzake, lakini mbele ya wale wawili ulimi wake ulikwenda likizo.

Sasa likaja hilo dishi kubwa.

Kituo kimoja cha hali ya hewa kiliagiza dishi la kupokea picha za mawingu kutoka setilaiti, kipenyo chake mita sita. Karakana haikuwahi kutengeneza hata nusu yake. Meneja, mtu wa tabasamu moja na simu mbili, alimwita Fundi Mkuu ofisini, akamwambia waziwazi: likikubaliwa, kutakuwa na mengine, na yeye Meneja ataongeza mafundi; likirudishwa, kazi ya madishi makubwa inafungwa, naye Fundi Mkuu atarudi kwenye benchi kupiga mabati ya antena za juu ya mapaa kama alivyoanza miaka ishirini nyuma. Habari hiyo ilizagaa karakana nzima kabla ya chai ya saa nne. Kila mtu alijua wifi anacheza na nini.

Bi Rula naye alijua jambo jingine, na lilimnyima raha. Dishi halipimwi kwa karibu tu hivi hivi. Kuna hesabu ya umbali wake na mnara: chukua kipenyo, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, zidisha mara mbili, gawa kwa urefu wa wimbi. Kwa dishi hili, jibu lilikuwa karibu kilomita moja na nusu. Kiwanja chake kilikuwa na mita mia mbili na arobaini, kisha ukuta, kisha barabara. Zamani mashine ya kurushia mawimbi ilipandishwa kilimani ng'ambo ya mji, lakini siku hizi katikati hapo pameota maghorofa, na kilima hakionekani hata ukipanda juu ya paa.

"Mnara ukiwa karibu mno," alimweleza Meneja, "wimbi linafika bado limejipinda. Linagusa katikati ya dishi kwanza, kingo baadaye. Tofauti ni upana wa kidole, lakini wimbi lenyewe ni sentimita tano tu. Grafu itakuwa mbaya hata kama dishi ni zima."

"Pima tu," alisema Meneja, na simu moja ikalia.

Basi Jumatatu asubuhi akapima. Alishajiandaa kuona mlima mnene wenye mabega, na kumweleza wifi yake kwamba ubaya ule ni wa kiwanja, si wa mabati. Na alijua jinsi maelezo hayo yangepokelewa. Dishi likazunguka. Mstari ukaanza kujichora. Mafundi sita walikuwa wamejibana mlangoni, na wifi nyuma yao, mikono kifuani.

Grafu ikatoka nzuri. Nzuri nakwambia, ya kutia fremu. Mlima mwembamba, vilima vifupi viwili viwili, mabonde yamezama mpaka chini kabisa ya karatasi. Mafundi wakapiga makofi. Bi Rula akaandika Limekubaliwa, akatia sahihi, na kabla hajaifunika kalamu alihisi mikono mipana ikimkumbatia kwa nyuma mpaka mbavu zikalia.

"Wifi," alisema wifi, huku analia.

Bi Rula naye akalia, kwa nini adanganye. Miezi minane si mchezo. Jioni ile alirudi nyumbani anaimba, na mume wake akamuuliza kama amepandishwa cheo. Moyo ukipata ulichokuwa unakitaka, kichwa kinachukua ruhusa ya siku moja.

Kichwa kilirudi kazini Jumanne saa tatu asubuhi. Alikuwa ofisini peke yake, kikombe cha chai mkononi, anaitazama ile grafu aliyoibandika ukutani kwa ajili ya kujifurahisha tu. Akaitazama tena. Akaweka kikombe chini.

Ilikuwa nzuri mno.

Kwa umbali ule, dishi kubwa kama lile halikuwa na haki ya kuwa zuri namna hiyo. Lingeweza kuwa zima, lingeweza kuwa bovu, lakini kwa mita mia mbili na arobaini lilipaswa kuonekana bovu kwa vyovyote. Bi Rula alichukua rula yake, akatoka nje, akapanda ngazi.

Mbele ya kila dishi, imeshikiliwa na miguu mitatu ya chuma, hukaa pembe: kile kifaa chenye mdomo mpana kinachokusanya mawimbi yote ambayo dishi limeyarudisha. Pembe huteleza mbele na nyuma ndani ya kishikio chake, kisha hukazwa kwa nati nne. Nati hizi zilikuwa zimekazwa na kupakwa rangi nyekundu, alama ya karakana kwamba kazi imekwisha na asiguse mtu. Bi Rula alipima kutoka kwenye kishikio. Akaangalia mchoro. Akapima tena, kwa sababu alitamani awe amekosea. Pembe ilikuwa nje kwa milimita thelathini na tatu.

"Hii pembe aliikaza nani?" alimuuliza fundi wa kufunga, mzee mmoja mpole aliyekuwa akifuta mikono kwa kitambaa.

"Sisi, Bi Rula. Kama siku zote. Ijumaa tuliwasha mnara, tukaisogeza huku tunatazama mshale wa mita. Mshale ulipopanda mwisho wake, tukakaza, tukapaka rangi."

"Na mchoro?"

"Mchoro ni karatasi," alisema mzee kwa upole. "Mshale haudanganyi."

Na hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Miaka yote karakana ilikaza pembe kwa mshale, na miaka yote ilikuwa sawa, kwa sababu madishi madogo mita mia mbili na arobaini zinayatosha na kubaki. Kwa madogo, mnara na setilaiti ni mamoja. Lakini hili kubwa lilikuwa limekazwa ili liuone mnara ule, pale ukutani, na si kitu kingine. Likipelekwa kwenye kituo na kuelekezwa juu, mlima utanenepa, theluthi nzima ya nguvu itapotea, na picha za mawingu zitafika zimechakaa. Kisha litarudishwa. Na yeye Bi Rula alikuwa ameshatia sahihi.

Mkaguzi wa mteja alikuwa anakuja Alhamisi. Angeitazama ile karatasi nzuri, angesaini, lori lingepakia Ijumaa. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kumeza mate. Bi Rula alikaa kwenye ngazi muda mrefu, na nisiseme uongo, alifikiria kunyamaza. Aliufikiria ule mkumbatio. Kisha akashuka.

Jioni ile mama mkwe alikuwa amewaita wote kumpongeza binti yake. Kulikuwa na keki, na wifi alikuwa amevaa gauni la sikukuu, na alimvutia Bi Rula kiti kando yake. Mama mkwe alikuwa anasoma maandishi ya kopo la krimu, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Kinyozi alikuwa ameshaanza keki.

Bi Rula akapiga moyo konde.

"Wifi," alisema, "Jumatatu nilikosea. Nililipitisha dishi bila kupanda ngazi kuangalia pembe."

Kinyozi alikiweka kijiko chini taratibu, kwa namna ya mtu anayetafuta mlango ulipo.

Akaeleza yote: milimita thelathini na tatu, mshale, mnara, setilaiti. Alieleza vibaya, maana alikuwa anaogopa, na alipofika kwenye wimbi lililojipinda hata mwenyewe alijipoteza. Wifi alikuwa anamtazama tu. Uso ulikuwa umemshuka.

"Kwa hiyo hata likipita," alisema wifi, "limekataliwa."

"Sijasema hivyo. Mabati yako ni mazima. Ile grafu inathibitisha, kwa sababu mabati yangekuwa mabovu hata pembe isingeyaokoa. Ni pembe tu iko mahali pa—"

"Ngojeni kwanza," alisema mama mkwe. Aliishusha miwani, akaipandisha, akamtazama mwanawe wa kiume aliyekuwa ncha ya pili ya meza, akaishusha tena. "Mimi na hii miwani nasoma hata maandishi ya sisimizi. Lakini nikiivaa nikamtazama huyu hapo, namwona mawingu matupu. Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo, mama," alisema Bi Rula. "Hasa hasa."

"Kwa hiyo dishi la mwanangu limevaa miwani ya kusomea, na nyie mnalipeleka likatazame mbinguni."

Kinyozi akacheka peke yake, akaona hakuna anayemfuata, akairudia keki yake. Wifi aliichukua ile miwani kutoka usoni kwa mama yake, akaivaa, akaitazama kalenda iliyoning'inia ukutani upande wa pili. Tarehe zote zikawa mawingu. Kisha akaivua.

"Na ukiirudisha pembe ndani, kiwanjani patakuwaje?"

"Grafu itakuwa mbaya."

"Na kikiguswa kitu baada ya kupimwa?"

"Kinapimwa upya," alisema Bi Rula. Ilikuwa sheria yake mwenyewe. Aliiandika kwa mkono wake na kuibandika mlangoni.

"Basi unataka niliguse dishi langu zima ili Alhamisi likataliwe mbele ya mgeni," alisema wifi. "Na nisipoligusa, litakataliwa huko linakokwenda. Sawa. Nimekuelewa." Akainuka, akamuaga mama yake, akaenda. Keki yake ilibaki nzima kwenye sahani.

"Umefanya vizuri," alisema mama mkwe baadaye, akimsindikiza Bi Rula mlangoni. "Ila vizuri vingine vinauma."

Bi Rula alivaa viatu vyake. Njiani mume wake alimshika mkono, naye aliachia machozi yaje, kwa sababu alikuwa amepata wifi kwa siku moja na nusu tu, akampoteza kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumatano alifika kazini mapema, amekusudia kwenda moja kwa moja kwa Meneja kuiondoa sahihi yake kabla ujasiri haujamwisha. Hakufika. Kiwanjani, juu ya ngazi, alikuwa Fundi Mkuu mwenyewe na ovaroli lake, anakwangua rangi nyekundu kwenye nati kwa tindo.

"Milimita ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Thelathini na tatu. Ndani."

"Lete hiyo rula yako."

Bi Rula akapima, wifi akasukuma. Pembe ilipokaa mahali pake, wifi alikaza nati ya kwanza, akauliza, "Wewe unajua grafu itakuwa mbaya. Unajua itakuwa mbaya kiasi gani?"

"Najua kila kitu. Upana wa mlima, mabega yanaanzia wapi, kila bonde litajaa kiasi gani. Ni hesabu tu."

Wifi alikaza nati ya pili. "Sisi bati hatulitazami kwa macho tukasema zuri au baya. Tunakata kigezo cha mbao kwanza, tunakilaza juu yake. Likilala sawa na kigezo, ni zima, hata kama macho yanaliona limepinda. Sasa mkatie huyo mkaguzi kigezo."

Bi Rula alibaki ameshika rula hewani. Miaka kumi na moja ya kupima, na halikuwahi kumjia. Kila siku alikuwa akingoja uzuri utoke. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuuchora ubaya kabla haujatokea, mstari kwa mstari, na ubaya huo ukija sawasawa ukawa ndio ushahidi.

"Wifi," alisema, "wewe una akili."

"Nina hasira," alisema wifi, akakaza ya tatu. "Usinisifu, bado sijamaliza kuwa nayo."

Meneja aliposikia, simu zote mbili zililia bila kupokelewa. Alizunguka meza yake mara tatu. Alisema wanawake hawa watamuua. Alisema dishi lilikuwa limepita, limepita jamani, na watu wawili wenye mishahara wameamka asubuhi kwenda kulifelisha. Mwisho akasema likikataliwa kesho, lile alilomwambia Fundi Mkuu liko palepale, na sasa kuna nafasi ya mtu wa pili kwenye benchi. Bi Rula alisema amesikia. Akaenda kukaa kwenye kompyuta, akapiga hesabu mpaka mchana, kisha akauchora mstari kwa wino mwekundu kwenye karatasi nyembamba ile inayopitisha mwanga.

Mkaguzi alifika Alhamisi na mwavuli, ingawa jua lilikuwa linachoma. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa porojo. Bi Rula alikuja na grafu mbili. "Hii ya kwanza ni ya Jumatatu. Ni nzuri, lakini usiitumie peke yake. Siku hiyo pembe ilikuwa imevutwa nje ili dishi liuone mnara wetu. Inaonyesha mabati yamekaa sawa. Jana tumeirudisha pembe mahali pake pa kutazamia setilaiti. Leo tukipima hapa, grafu itakuwa mbaya. Ubaya wenyewe ni huu." Akampa ile karatasi ya wino mwekundu. "Ikunje, uitie kwenye mkoba wako. Usinirudishie mpaka tumalize."

Mkaguzi alimtazama, akautazama mwavuli wake, akaikunja karatasi. "Sijawahi kuahidiwa ubaya na muuzaji," alisema.

Dishi likazunguka. Mstari ukajichora, na jamani, ulikuwa mbaya kweli. Mlima ulikuwa umenenepa, mabega yametoka pande zote mbili, mabonde yamejaa kama mitaro isiyozibuliwa. Meneja aligeukia dirisha. Wale mafundi sita mlangoni walikuwa wanatazama viatu vyao, na mzee wa kufunga alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni, maana mshale wake ulikuwa umeshuka na yeye bado aliupenda.

Mkaguzi aliitoa karatasi mkobani, akaikunjua, akailaza juu ya grafu, akazibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Akazisogeza kidogo. Wote wakasogea.

Mstari mwekundu ulikaa juu ya mweusi. Mlima juu ya mlima, bega juu ya bega. Pale bonde la kwanza lilipojaa, jekundu lilikuwa limejaa kiasi kilekile.

"Hapa?" alisema Mkaguzi.

Kidole chake kilikuwa kushoto, kwenye kilima cha tatu. Mstari mweusi ulikuwa umeupita mwekundu, kidogo, unene wa ukucha. Bi Rula alikitazama. Akarudia hesabu kichwani. Ilikuwa sawa.

"Hapo sijui," alisema. "Hesabu yangu haina kitu hicho."

Meneja alikohoa, akaanza kusema kitu kuhusu wino wa printa. Mkaguzi hakumtazama. Alikuwa ameshafungua kalamu yake, na alikuwa anangoja, kwa namna ya mtu asiye na haraka ya kuandika jambo zuri wala baya.

"Ni bati la saba," alisema wifi.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama nyuma, mikono imeshuka ubavuni.

"Tulipokuwa tunapandisha, mnyororo uliteleza likadondoka, likapinda ukingoni. Nililinyoosha mwenyewe. Halikunyooka lote. Sikumwambia mtu."

Bi Rula alihisi masikio yanawaka moto, kwa ajili ya wifi yake, si kwa ajili yake. Mkaguzi alichukua rula, akapima kutoka juu ya kile kilima mpaka kwenye mstari wa mwisho unaoruhusiwa, akapima tena. "Kimebaki chini ya mpaka," alisema. "Si mbali, lakini chini." Akaandika kwenye fomu, polepole: Bati la saba, ukingo umenyooshwa, linakubalika. Kisha akasaini. Akaomba abaki na ile karatasi nyekundu, kwa sababu, alisema, kuna watu kazini kwake angependa waione.

Kelele zilizofuata karakana usiniulize. Meneja alitabasamu mpaka akasahau kupokea simu. Mzee wa kufunga alitangaza kwamba kuanzia leo pembe za madishi makubwa zitakazwa kwa mchoro, na madogo kwa mshale, na asiyetaka ahame. Walipokwisha kwenda kutafuta soda, wifi alimkuta Bi Rula kiwanjani, amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa.

Alikaa kando yake.

"Lile la mwaka jana," alisema wifi, "lilikuwa bovu."

Bi Rula aligeuka.

"Nilijua kabla halijafika kwako. Kalibu ilikuwa imetitia upande mmoja, nikasema labda halitaonekana. Ukaliona. Nikakuchukia wewe badala ya kuichukia kalibu."

"Miezi minane, wifi."

"Miezi minane. Kila Jumapili nakutazama kule mwisho wa meza, nasema moyoni, huyu nitamsamehe siku atakapokosea na yeye, hata mara moja. Nikangoja. Hukosei, mwanamke wewe, unachosha." Alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Kisha ukakosea, na Jumanne ukaja mbele ya mama, mbele ya keki yangu, ukasema mwenyewe. Mimi nilikwenda nyumbani sijui nilie au nicheke, maana sasa sababu yangu imekwisha, na kilichobaki ni kosa langu peke yangu."

Bi Rula alimshika mkono. Ulikuwa mzito, umejaa makovu madogo ya bati, na ulimbana kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma, naye hakuutoa.